Waipa Niliyoiombea Mabaya

Mimi ni fundi umeme wa magari, Masasi. Watu wananiletea gari lisilowaka, taa zinazojizima zenyewe, honi inayolia bila kuguswa, nami naitafuta hitilafu mpaka naipata. Ni kazi ninayoijua na ninayoipenda. Lakini kuna siku moja, mvua zikiwa zimekolea, nilifungua mlango wa nyuma wa gari langu mwenyewe huku nikiomba moyoni kwamba ninachokitafuta kiwe kimekufa kabisa, kisitengenezeke, na kipuri chake kisipatikane mji mzima.

Gari langu ni lile la mgongo mrefu, ambalo ukilaza viti vya nyuma unapata nafasi ya kutandika godoro. Waipa ya kioo cha nyuma ilikuwa imekufa zamani na sikuijali. Gari la fundi ndilo linalotengenezwa mwisho, waulizeni wake zetu. Mvua ikinyesha kioo kinajaa matope nami naendelea na safari. Nikitaka kurudi nyuma natoa kichwa dirishani, nalowa, yamekwisha.

Mama yangu alikuwa amelazwa hospitali hapa Masasi kwa ajili ya kifua. Alikaa wodini hadi manesi wakawa wanamtania kwa ukali wake. Kisha siku moja daktari alituita pembeni, mimi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa akimuuguza, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mapafu yamechoka na hawana la kuongeza. Tumrudishe nyumbani Newala, akae na watu wake. Tulielewa maana yake. Hakuna aliyelia pale, tuliulizana tu nani abebe mabeseni.

Daktari hakusema ni salfa. Mimi ndiye ninayesema. Miaka yote ya utu uzima wake, kila msimu wa kupuliza dawa hiyo kwenye mikorosho ulipofika, mama alikuwa shambani, amejifunga kanga puani, kope zimejaa vumbi la njano. Ukimwambia apumzike, anakuuliza ubwiri nao unapumzika lini, ule ukungu mweupe unaoua maua ya mkorosho. Alikohoa usiku, akaamka alfajiri, akarudi kupuliza. Tulikula kwa kikohozi kile, tukasoma kwa kikohozi kile, na mimi sioni sababu ya kuongea kwa adabu kuhusu jambo hilo.

Shamba lenyewe aliachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Kwetu ardhi inapita upande wa akina mama, na mjomba ndiye msemaji. Lilikuwa shamba dogo, kandokando ya barabara, ukishamaliza kupanda mlima na kabla hujaingia Newala mjini. Mama akiwa wodini, barabara mpya ikalifikia. Mkandarasi alitaka upana, akataka na mahali pa kuchimba kifusi. Mjomba akaitwa, akakubali kwa niaba ya ukoo. Angekataa ingekuwa vilevile. Mdogo wangu alikuwa ameenda nyumbani kuchukua nguo za kubadilisha, akaikuta mikorosho imelala, mizizi juu. Alirudi hospitali akaniambia nje ya geti, kisha akanawa uso ndipo akaingia kwa mama.

Mjomba alituagiza tusimwambie. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Hata akifiwa na mwanawe, mtanyamaza hadi apate nguvu, na wageni wataambiwa mlangoni wasije wakaropoka. Kwa hiyo mama alipouliza shamba likoje, tulimjibu kwamba lipo. Aliuliza kila siku, na kila siku tulimjibu.

Hospitali ilipomruhusu alikuja kwangu kwanza, tusubiri mvua zipungue kidogo. Kulala hakuweza, pumzi zilimkata. Tukapanga tumkalishe nyuma juu ya godoro, aegemee mito iliyopangwa kwenye migongo ya viti vya mbele, uso wake ukielekea kioo cha nyuma. Madirisha ya pembeni yangezibwa na mizigo, maana mgonjwa wa siku nyingi anarudi na nyumba nzima: mabeseni, chupa za chai, blanketi, ndoo, vifurushi vya kila aliyekuja kumwona. Tulipomweleza mpango huo, aliutafakari kisha akauliza, "Hicho kioo cha nyuma kinaonyesha?"

Nikamwambia mvua ikinyesha hakionyeshi kitu, waipa yake ni mbovu.

"Kitengeneze," akasema. "Nilishushwa huku sijitambui. Sasa nataka nipite nikiwa na macho yangu. Nataka niione mikorosho yangu, nijue wameipalilia au wameiachia nyasi. Nikishaiona, mnilaze mnapotaka." Kisha akatabasamu. "Fundi wa watu wote, kioo chako mwenyewe kinakushinda?"

Mdogo wangu alinifuata hadi nyuma ya jiko. "Kaka, hicho kioo kiache kilivyo," akasema. "Mungu mwenyewe amekichafua. Wewe unakisafisha ili iweje?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba siwezi kumwambia mama nimeshindwa bila hata kugusa bisibisi. Hasira yenyewe haikuwa yake. Ningeweza kumwambia mama ukweli, na niliufikiria usiku kucha. Lakini alikuwa amebakiwa na siku chache, na ndani ya siku hizo kitu pekee alichokuwa akikingoja ni kuiona mikorosho ile. Ukimwondolea hicho, unamwachia nini? Kikohozi na dari.

Asubuhi mvua ilipumzika. Mama akatandikiwa mkeka barazani, karibu kabisa na nilipoegesha gari, akaegemea ukuta akawa ananitazama. Sijawahi kuwa na mteja aliyenisimamia vile.

Waipa ikifa, fundi anajiuliza jambo moja kwanza: haipati umeme, au inaupata ikashindwa kuzunguka? Kama haipati, shida iko njiani, kwenye fyuzi, swichi au waya. Kama inapata na haizunguki, shida ni mota. Mimi nilitaka mota. Mota ya nyuma ya gari lile haipo Masasi, inaagizwa Dar, na kungoja mzigo wa Dar ni muda ambao mama hakuwa nao. Mota ikiwa imeungua ningemwambia, "Mama, imeungua," na ungekuwa ukweli mtupu.

Tena nilikuwa na sababu ya kuitegemea. Desemba moja ya nyuma mpwa wangu, binti wa huyu mdogo wangu, alipotoka unyagoni, gari langu ndilo lililombeba kuzunguka mtaani. Wanawake walilifunika kanga na vitenge kila mahali, na wengine wakafunga kitenge kizima kwenye mkono wa waipa ya nyuma, wakaiwasha ili kitenge kicheze pamoja nao. Niliwakuta wanapiga vigelegele na waipa inavuta nguo iliyolowa jasho na vumbi, imekwama katikati, inanguruma. Niligomba sana siku hiyo, na wakanicheka. Mota inayolazimishwa hivyo inaungua, hilo halina mjadala. Baadaye nilipoiwasha haikuitika, nami sikuichunguza, ila kila nilipoikumbuka niliwalaani wale wanawake. Sasa nilikuwa tayari kuwabusu mikono.

Nikazungusha ufunguo, nikawasha waipa ya nyuma. Kimya. Nikaangalia fyuzi, ni nzima. Nikafurahi, maana fyuzi ingekuwa imekatika, kazi ingeisha hapohapo. Nikaushika mkono wa waipa nikauvuta taratibu, ukasogea vizuri, haukuganda. Hilo sikulipenda. Nikabandua ubao wa ndani wa mlango, nikaiona mota imekaa mahali pake, nikachomoa soketi yake. Nikainamisha pua nikainusa. Mota iliyoungua ina harufu yake, na mtu wa kazi hii haisahau. Sikusikia harufu yoyote.

"Umeona nini?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Nikaleta betri ya akiba na waya mbili, nikaiunga mota moja kwa moja. Nikagusisha. Mota ikanguruma laini, na mkono wa waipa ukanyanyuka, ukafagia kioo kikavu kwenda na kurudi, tena na tena, wala haukusitasita.

Mama akapiga makofi. Alicheka kweli, hadi kicheko kikageuka kikohozi na mdogo wangu akatoka jikoni mbio kumshika mgongo. Aliponyanyua kichwa alikuwa bado anacheka, machozi yanamtoka. "Sasa nitaiona," akamwambia binti yake. Mdogo wangu alinitazama mara moja tu, akarudi jikoni.

Nilibaki pale nimeshika zile waya. Wale wanawake na kitenge chao hawakuwa na kosa lolote. Sijui kama nimewahi kukichukia kifaa kizima kama nilivyoichukia ile mota.

Iliyobaki ilikuwa njia ya umeme. Nikachukua taa ya kupimia, nikaichomeka kwenye soketi nikiwa nimewasha swichi. Haikuwaka. Nikaomba mtu akanyage breki, mdogo wangu akaja akakanyaga, na taa ndogo ya breki ile ya juu ya kioo nayo haikuwaka. Hapo sikuhitaji kupima zaidi. Waya zote za mlango wa nyuma zinapita ndani ya mpira mmoja, pale juu penye bawaba, na kila ukifungua mlango zinapindwa. Vitu viwili vya mlango mmoja vikifa pamoja, unaenda kwenye huo mpira. Mwanafunzi wangu yeyote angeliona hilo.

Nikauvuta mpira ukatoka. Ukamwaga unga wa njano mikononi mwangu.

Ilikuwa salfa. Kila msimu nilimpandishia mama mifuko ya salfa na gari hili hili, toka Masasi hadi shambani, na mifuko ile huwa haikosi kuvuja. Vumbi lake lilijaa buti lote, nikafagia nilipopaona, nisipopaona likakaa. Likaingia kwenye mpira wa bawaba, unyevu wa mvua ukalikuta humo, na vikishirikiana hivyo viwili shaba haina maisha. Waya zilikuwa zimekuwa nyeusi na kijani, zinavunjika ukizigusa. Ya waipa ilikuwa imekatika kabisa.

"Nini hicho cha njano?" mama akauliza kutoka barazani.

"Salfa yako, mama."

"Kumbe imenifuata mpaka huku," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na jirani safarini.

Basi, nimeeleza yote haya ili msomaji ajue kwamba niliipata hitilafu. Ilikuwa kazi ndogo sana. Unakata waya zilizooza, unaunga vipande vipya, unafunga tepu, unarudisha mpira. Chai isingepoa. Nilikuwa na waya kwenye boksi na tepu mfukoni. Nilisimama nyuma ya mlango ulioinuliwa, mahali ambapo mama aliona miguu yangu tu, nikajaribu kuwaza kama binadamu mwenye akili. Nikiiunga, ataona. Nisipoiunga, nimemdanganya mgonjwa juu ya kazi yangu mwenyewe, kitu ambacho nikikisikia kwa fundi mwingine namtukana mbele ya watu.

Nikaurudisha mpira na uoza wake ndani. Nikatoka nikamwambia mama kwamba waya zimeoza hadi ndani kwa ndani, haziungiki, mpaka lije fungu zima la waya kutoka Dar.

Mama alinitazama usoni. Mtu aliyemlea fundi anaujua uso wa fundi. "Lakini si ilizunguka?" akauliza.

"Ilizunguka kwa betri ya pembeni, mama. Barabarani haitazunguka."

"Haya," akasema, akavuta kanga akajifunika miguu. Hakuniuliza tena siku nzima. Ningependa angenigombeza.

Tuliondoka kesho yake asubuhi. Mdogo wangu alikaa nyuma pamoja naye, amebanwa na mabeseni. Kioo nilikiosha vizuri kwa maji na sabuni, nikijua hakitafika mbali, na mwanzoni kweli kilikuwa kinaonyesha. Mama akawa anatueleza anachokiona. Ameona milima ya mawe ya Masasi inabaki nyuma. Ameona watoto wa shule wamejifunika mifuko ya nailoni. Kijijini Chiungutwa akaona bodaboda zimepanga foleni kwenye kibanda zikikwepa manyunyu, na mtu anasukuma baiskeli yenye kiroba cha mihogo. Kila alichokiona tulikuwa tumeshakipita, naye akawa anakiaga. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwa nimeisikia hivyo tangu alazwe.

Kisha tukaingia kwenye michepuko ya ujenzi. Mvua ikashuka, magurudumu yakarusha matope mekundu, na kioo kikafunga kidogo kidogo, kuanzia chini. Kwenye kioo changu cha ndani nilimwona akiinua shingo kufuata sehemu iliyobaki, hadi nayo ikafunga.

Tukaanza kupanda mlima. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba ukipanda kutoka Masasi, uzuri wote uko nyuma yako. Bonde linafunguka na kushuka, misitu, mashamba, moshi wa vijiji, na kwa mbali ile milima ya mawe. Mama yangu ndiye pekee kati yetu aliyekuwa amekaa uso ukielekea huko, na alikuwa akitazama tope. Nilimnyima vyote ili nimfiche kimoja. Nilitaka kupiga usukani kwa ngumi, lakini kona za mlima ule hazitaki mchezo, nikaendelea kuendesha.

Juu, gari lilipopata tambarare, akasema, "Simama."

Nikasema, "Mama, hapa ni matope matupu, tutakwama."

"Tumeshapita kalavati. Tumepinda kulia. Ni hapa." Alikuwa ameipita njia ile miaka yote na ndoo ya maji kichwani kutoka bondeni, hakuhitaji macho kuijua. "Simama, baba. Shuka unifutie kioo kwa mkono."

Mdogo wangu akasema kwa sauti isiyo yake, "Mama, mvua inanyesha, kaka atalowa."

"Alowe."

Nikasimama. Nikachukua kitambaa chini ya kiti, nikashuka, nikazunguka nyuma. Sikutaka kugeuka, lakini niligeuka. Hapakuwa na shamba. Palikuwa na shimo pana jekundu lililojaa maji, na pembeni yake magogo yaliyokatwakatwa yakisubiri kubebwa. Nilikuwa nimeambiwa, ila sikuwa nimeona. Pale ndipo nilipojifunzia kutembea.

Nikalipa kisogo shimo, nikaanza kufuta. Nilifuta duara dogo, usawa wa uso wake, nikauona uso ukinitazama kutoka ndani. Nikasogea nikasimama pale pale, kifua changu kikiziba duara lote. Mama akainamisha kichwa kushoto ili aone pembeni yangu, nami nikasogea kushoto. Akainamisha kulia, nikasogea kulia. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni na nilijifanya nasugua doa lisilotoka. Akagonga kioo kwa ukucha, taratibu, kunionyesha nipishe. Sikupisha. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, nalia mvuani, na kitambaa mkononi.

Akaacha kugonga. Akanitazama usoni muda mrefu, kisha akarudisha kichwa kwenye mito.

Nilirudi kwenye usukani nimelowa chapachapa. Niliposhika ufunguo nikamsikia nyuma yangu, sauti tulivu kabisa, akiuliza, "Wamebakiza mingapi?"

Mdogo wangu akaanza kulia. Mimi nikatazama mbele, waipa za mbele zikifanya kazi yake bila taabu, nikamwambia, "Hata mmoja, mama."

Alivuta pumzi, ikamkwama, akaivuta tena. Kisha akasema, "Ungeniambia kule kule nyumbani kwako. Nisingekusumbua na kioo, ningeomba mnigeuze nitazame mbele."